Kesi za kupinga matokeo ya urais: Kinachozipa uzito na kinachozivunja

WAKENYA wamepiga kura ya urais mara nane tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mnamo Desemba 1991. Ni katika uchaguzi mmoja tu kati ya hizo, ule wa 2002, ambapo aliyeshindwa alimpongeza mshindi na taifa likaendelea na shughuli zake bila mzozo. Katika chaguzi saba zilizosalia matokeo yalipingwa: mara sita mahakamani, na mara moja, baada ya uchaguzi wa 2007, barabarani na vijijini.

Kati ya chaguzi sita zilizofikishwa mbele ya majaji, ni moja tu iliyobatilishwa. Kuna wanaouchukua ukweli huo kama ithibati kwamba kesi hizi ni njia ya wanasiasa kukwepa kukubali kushindwa. Wengine hushikilia kwamba korti haijawahi kuwa tayari kumwondoa aliyekwisha kutangazwa mshindi. Kila upande una mifano yake, na mabishano hayo huanza upya kila mara mwenyekiti wa tume ya uchaguzi anapofunga faili yake na kuondoka jukwaani.

Historia ya kesi zenyewe, hata hivyo, inaonyesha kwamba uzito wa kesi ya uchaguzi haupimwi kwa hasira ya mlalamishi wala kwa wingi wa wafuasi wake. Mambo matatu ndiyo huamua: iwapo sheria inaruhusu malalamishi yasikizwe, iwapo zipo stakabadhi ambazo pande zote zinaweza kuzikagua, na iwapo korti inayoamua ina imani ya umma. Moja kati ya hayo likikosekana, kesi hupoteza maana hata kama malalamishi ni ya kweli.

Sahihi ya Bw Matiba

Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, Rais Daniel arap Moi wa Kanu alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 36 ya kura. Bw Kenneth Matiba wa Ford-Asili aliibuka wa pili kwa asilimia 26, akifuatwa na Bw Mwai Kibaki wa DP na Jaramogi Oginga Odinga wa Ford-Kenya. Sheria ya wakati huo haikumtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Ilitosha aongoze na apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane.

Bw Matiba aliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu mwaka wa 1993. Alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, alikowekwa bila kushtakiwa kuanzia 1990 hadi 1991 kwa kudai mfumo wa vyama vingi. Kwa sababu ya hali yake ya afya, mkewe, Bi Edith Matiba, alitia sahihi stakabadhi za kesi kwa niaba yake, akitumia hati ya kisheria iliyompa mamlaka hayo.

Korti iliamua kwamba sheria ilimtaka mlalamishi atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Kesi ikatupwa. Hakuna sanduku la kura lililofunguliwa wala hesabu iliyokaguliwa. Swali la iwapo kura ziliibwa halikujibiwa, kwa kuwa halikuulizwa.

Karatasi zisizofika Ikulu

Miaka mitano baadaye ilikuwa zamu ya Bw Kibaki. Katika uchaguzi wa Desemba 1997, Rais Moi alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 40 ya kura dhidi ya asilimia 31 za Bw Kibaki. Kesi iliwasilishwa Januari 1998, na notisi yake ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Mawakili wa Rais Moi walipinga hatua hiyo. Walisema mteja wao alistahili kukabidhiwa karatasi za kesi ana kwa ana katika muda uliowekwa na sheria. Mahakama Kuu ilikubaliana nao mwaka wa 1999, na mnamo Desemba 10 mwaka huo jopo la majaji watano wa Mahakama ya Rufaa likaunga mkono uamuzi huo. Wakosoaji waliuliza ni vipi mtu aliyebeba karatasi za kumshtaki Rais angepenya walinzi wake na kumkabidhi mkononi. Majaji walijibu kwamba sheria haimbagui mshtakiwa kwa cheo, na kwamba matakwa yake hayana budi kutimizwa.

Kwa mara ya pili, kesi ya urais iliondolewa kortini bila ushahidi kusikizwa. Funzo ambalo wanasiasa wengi walipata katika muongo huo ni kwamba mlango wa korti ulikuwa wazi, lakini kizingiti chake kilikuwa kirefu mno kuvukwa.

Korti iliyokataliwa

Funzo hilo lilikuwa na gharama kubwa. Mnamo Desemba 30, 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK), Bw Samuel Kivuitu, alimtangaza Rais Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Bw Raila Odinga wa ODM. Tofauti kati yao ilikuwa kura 231,728. Rais Kibaki aliapishwa jioni hiyo hiyo katika Ikulu ya Nairobi.

Upande wa serikali uliwaambia viongozi wa ODM waende kortini iwapo walikuwa na malalamishi. ODM ilikataa, ikisema haingetarajia haki kutoka kwa mahakama ambayo iliiona kuwa chini ya ushawishi wa serikali. Haikusahaulika kwamba aliyeambiwa na korti mwaka wa 1999 kwamba hakumkabidhi Rais karatasi ana kwa ana ndiye sasa aliyekuwa Rais.

Ghasia zilizofuata zilisababisha vifo vya watu 1,133 kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Mamia ya maelfu walifurushwa makwao. Utulivu ulirejea baada ya Bw Kofi Annan, katibu mkuu mstaafu wa Umoja wa Mataifa, kusimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa kugawana mamlaka uliotiwa sahihi Februari 28, 2008.

Tume nyingine, iliyoongozwa na jaji mstaafu Johann Kriegler wa Afrika Kusini, ilichunguza uchaguzi wenyewe. Ilihitimisha kwamba haingewezekana kujua ni nani aliyeshinda. Shughuli ya kupiga, kuhesabu na kujumlisha kura ilikuwa imevurugwa kiasi kwamba rekodi zilizobaki hazingeweza kutegemewa. Ina maana kwamba hata kama ODM ingekwenda kortini, na hata kama majaji wangekuwa malaika, huenda stakabadhi za kuwasaidia kufikia ukweli hazingepatikana.

Katiba mpya na siku 14

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilijaribu kuziba mianya yote mitatu. Kwanza, iliunda Mahakama ya Juu yenye majaji saba na kuipa peke yake mamlaka ya kusikiza kesi za kupinga uchaguzi wa rais. Pili, Kifungu cha 140 kilimruhusu mtu yeyote, si mwaniaji pekee, kuwasilisha kesi katika muda wa siku saba tangu matokeo yatangazwe. Mahakama nayo ikapewa siku 14 za kusikiza na kuamua. Ikibatilisha uchaguzi, mwingine hufanywa katika muda wa siku 60.

Tatu, Kifungu cha 87 kilisema karatasi za kesi za uchaguzi zinaweza kukabidhiwa moja kwa moja au kwa tangazo katika gazeti linalosambazwa kote nchini. Kwa sentensi hiyo moja, kizingiti kilichomwangusha Bw Kibaki mwaka wa 1999 kiliondolewa.

Katiba pia ilibadilisha kigezo cha ushindi. Mshindi wa urais sasa hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24 au zaidi. Kwa kesi za ubunge, useneta na ugavana, malalamishi huwasilishwa katika siku 28 na Mahakama Kuu huamua katika miezi sita.

Si kila mtu anayeweza kumudu gharama. Anayepinga uchaguzi wa rais huweka kortini dhamana ya Sh1 milioni, na anayepinga ule wa mbunge, seneta au gavana huweka Sh500,000. Fedha hizo ni za kugharimia upande wa pili iwapo mlalamishi atashindwa. Lengo lake ni kuzuia kesi za mzaha, ingawa wapo wanaosema huwazuia pia maskini wenye malalamishi ya haki.

Ushahidi uliochelewa

Mtihani wa kwanza wa mfumo huo ulikuja baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07. Bw Odinga alipata 5,340,546. Ushindi wa raundi ya kwanza ulisimama juu ya takriban kura 8,400 tu zilizozidi nusu.

Vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura vilikuwa vimefeli katika vituo vingi, na mfumo wa kupeperusha matokeo ukakwama. Kesi ziliwasilishwa na Bw Odinga pamoja na shirika la kijamii la Africog. Mahakama iliagiza fomu za matokeo za vituo vyote 33,400 zikaguliwe na kura katika vituo 22 zihesabiwe upya. Dosari zilipatikana katika baadhi ya vituo.

Jambo lililozungumziwa zaidi ni hati ya kiapo ya zaidi ya kurasa 800 ambayo upande wa Bw Odinga uliiwasilisha kesi ikiwa imeanza. Majaji waliikataa kwa kuwa ilichelewa na haikuombewa ruhusa. Mnamo Machi 30, 2013, Jaji Mkuu Willy Mutunga alisoma uamuzi wa pamoja wa majaji sita uliothibitisha ushindi wa Bw Kenyatta. Bw Odinga alisema hakukubaliana na uamuzi huo lakini angeuheshimu.

Uamuzi wa 2013 ulikosolewa vikali na wanasheria kadhaa, hasa kuhusu hati iliyokataliwa. Hata hivyo uliweka kanuni zinazotumiwa hadi leo. Mzigo wa kuthibitisha madai ni wa mlalamishi. Kiwango cha ushahidi kinachotakikana ni cha juu kuliko cha kesi za kawaida za madai, ambapo mizani ikiinamia upande mmoja hutosha, lakini ni cha chini kuliko cha kesi za jinai, ambapo shaka yote ya maana sharti iondolewe.

Karatasi dhidi ya sava

Kati ya 2013 na 2017, uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufaa ulibadilisha mambo mengi. Mnamo Juni 23, 2017, katika kesi iliyowasilishwa na mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, majaji walisema matokeo yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Fomu 34A, inayojazwa na kutiwa sahihi na maafisa na maajenti katika kituo cha kupigia kura, ikawa msingi wa hesabu yote. Fomu 34B hujumlisha kura za eneobunge, nayo 34C hujumlisha za nchi nzima.

Uchaguzi wa Agosti 8, 2017 ulitanguliwa na mauaji ya Bw Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia ya mawasiliano katika Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Mwenyekiti wa tume, Bw Wafula Chebukati, alimtangaza Rais Kenyatta mshindi kwa kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Bw Odinga. Pengo lilizidi kura milioni 1.4. Viongozi wa Nasa walisema awali kwamba kwenda kortini hakukuwa katika mipango yao, kisha wakabadili nia na kuwasilisha kesi Agosti 18.

Wengi hawakuitarajia kesi hiyo kufua dafu. Ikiwa pengo la kura 830,000 halikuzibwa mwaka wa 2013, lile la milioni 1.4 lingezibwa vipi? Lakini mawakili wa Nasa hawakuegemea hesabu pekee. Walihoji mchakato: fomu zilitoka wapi, zilipeperushwa vipi, na mbona matokeo yalitangazwa kabla fomu zote 34A kupatikana.

Mahakama iliamuru IEBC iruhusu pande husika kukagua sava zake. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu. Ukaguzi uliosimamiwa na msajili wa mahakama ulipata kwamba baadhi ya fomu 34B hazikuwa na alama za usalama zilizostahili kuwepo. Majaji wengi walisema kimya cha tume kuhusu sava kiliwapa sababu ya kuamini madai ya walalamishi.

Mnamo Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba uchaguzi haukufanywa kwa mujibu wa katiba na hivyo ni batili. Waliokubaliana naye ni Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu pamoja na Majaji Smokin Wanjala na Isaac Lenaola. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga. Korti haikumpata Rais Kenyatta mwenyewe na hatia yoyote. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kubatilisha ushindi wa rais aliye mamlakani.

Hoja kuu ya walio wengi ilikuwa kwamba uchaguzi ni mchakato mzima, si tarakimu za mwisho pekee. Sheria ya Uchaguzi, Sehemu ya 83, inasema uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kasoro ikiwa ulifuata misingi ya katiba, au ikiwa kasoro hiyo haikuathiri matokeo. Majaji walisema anayevunja misingi ya katiba hawezi kujikinga kwa ukubwa wa pengo la kura. Majaji wawili waliopinga walisisitiza kwamba mapenzi ya mamilioni ya wapiga kura hayafai kufutwa kwa kasoro za fomu, wakati ambapo hesabu ya kura yenyewe haikuonyeshwa kuwa na makosa.

Rais Kenyatta alisema angeheshimu uamuzi huo, lakini muda mfupi baadaye akawaita majaji wakora mbele ya umati jijini Nairobi. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Oktoba 26, Bw Odinga akiwa amejiondoa. Siku moja kabla ya kura hiyo, kesi ya kutaka iahirishwe haikusikizwa kwa kuwa majaji wawili pekee, Maraga na Lenaola, ndio waliofika kortini, ilhali sheria inataka watano. Usiku uliotangulia, dereva wa Jaji Mwilu alikuwa amepigwa risasi na kujeruhiwa. Rais Kenyatta alipata asilimia 98 ya kura, na kesi za kupinga ushindi huo zikatupwa kwa kauli moja Novemba 20.

Madai yaliyoanguka

Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 ulikuja na badiliko ambalo halikuwahi kuonekana. IEBC iliweka nakala za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kujumlisha mwenyewe. Agosti 15, Bw Chebukati alimtangaza Dkt William Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Bw Odinga, asilimia 48.85. Pengo lilikuwa kura 233,211.

Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo hayo. Moja ya sababu walizotoa ni kwamba asilimia za wawaniaji wote wanne zilijumlishwa zikafika 100.01, na kwamba ziada hiyo ya asilimia 0.01 ilikuwa sawa na takriban kura 142,000. Dai hilo lilienea kote nchini kwa saa chache.

Hesabu yake ni rahisi. Kura halali zilikuwa takriban milioni 14.2. Asilimia moja ya idadi hiyo ni 142,000, nayo asilimia 0.01 ni takriban 1,420. Ziada yenyewe ilitokana na kukaribisha desimali: 50.49 ukijumlisha na 48.85, kisha 0.44 za Prof George Wajackoyah na 0.23 za Bw David Mwaure, unapata 100.01 bila kura hata moja kuongezwa.

Kesi tisa ziliwasilishwa. Madai mazito zaidi yalikuwa kwamba wadukuzi waliingilia mitambo na kubadilisha fomu kabla hazijafika kwenye tovuti. Mahakama iliamuru sava zikaguliwe na kura za vituo 15 zihesabiwe upya. Fomu asili zililinganishwa na zile za tovuti, na hakuna tofauti ya maana iliyopatikana. Baadhi ya kumbukumbu za mitambo zilizowasilishwa kama ithibati ya udukuzi zilitajwa na majaji kuwa za kughushi.

Septemba 5, 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alisoma uamuzi wa majaji wote saba uliothibitisha ushindi wa Dkt Ruto. Kuhusu makamishna wanne, korti ilisema mzozo wao ulikuwa wa aibu kwa tume lakini haungeweza kufuta kura za wananchi bila ushahidi kwamba matokeo yalibadilishwa.

Uamuzi huo haukumaliza shaka zote. Mwaka wa 2023, muungano wa Azimio uliitisha maandamano ukitaka sava zifunguliwe na gharama ya maisha ipunguzwe, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Bw Odinga, aliyefariki Oktoba 15, 2025, hakuwahi kukiri kwamba alishindwa kwa haki.

Hata hivyo ulinganisho mmoja unastahili kukumbukwa. Pengo la 2007 lilikuwa kura 231,728. Lile la 2022 lilikuwa 233,211. Katika mwaka wa kwanza hakukuwa na fomu za kutegemewa wala korti iliyoaminiwa, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Katika mwaka wa pili, mzozo wa ukubwa uleule ulisikizwa na kuamuliwa katika siku 14, na wiki hizo zikapita bila mauaji ya aina ile.

Kwa majirani na ng'ambo

Hali si sawa kote Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais pindi tume inapomtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Julai 15, 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo.

Nchini Uganda, Dkt Kizza Besigye alipinga ushindi wa Rais Yoweri Museveni mwaka wa 2001 na 2006. Mara zote mbili majaji wa mahakama ya juu kabisa walikubali kwamba sheria ilivunjwa. Lakini walio wengi, watatu dhidi ya wawili na kisha wanne dhidi ya watatu, walisema haikuthibitishwa kwamba makosa hayo yaliathiri matokeo kwa kiwango kikubwa.

Malawi ilifuata mkondo mwingine. Februari 3, 2020, majaji walibatilisha uchaguzi wa Mei 2019 baada ya kuonyeshwa fomu za matokeo zilizofutwa na kuandikwa upya kwa wino mweupe wa kusahihishia. Katika marudio ya Juni 23, 2020, Bw Lazarus Chakwera alimshinda Rais Peter Mutharika.

Marekani nayo ilitoa funzo la aina yake baada ya uchaguzi wa Novemba 2020. Rais Donald Trump na wafuasi wake waliwasilisha kesi zaidi ya 60 na kushindwa karibu zote. Mbele ya kamera, wakili wake, Bw Rudy Giuliani, alizungumzia wizi mkubwa wa kura. Mbele ya jaji katika jimbo la Pennsylvania, Novemba 17, 2020, alipoulizwa, alikiri kwamba kesi aliyokuwa akiitetea haikuwa ya ulaghai.

Maswali ya kuuliza

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo huongoza mazungumzo mengi ya kisiasa, lakini hauongozi korti. Anayetaka kujua iwapo kesi ya kupinga uchaguzi ina mashiko anaweza kuanza na maswali manne.

La kwanza, dai limetolewa kwa kiapo au katika mkutano wa hadhara? Anayedanganya katika hati ya kiapo anaweza kufungwa, ilhali anayedanganya jukwaani hupigiwa makofi. La pili, dai linataja kituo gani na fomu gani? Mlalamishi anayesema kura ziliibwa kila mahali mara nyingi hana hata kituo kimoja cha kuonyesha. La tatu, kasoro inayodaiwa inagusa kura ngapi, au inavunja msingi gani wa katiba? Kesi ya Agosti 2017 ilishinda kwa kujibu sehemu ya pili ya swali hilo, si ya kwanza.

La nne linahusu mshtakiwa. Je, tume imefungua rekodi zake? Mwaka wa 2017 tume ilifunga sava na ikashindwa. Mwaka wa 2022 iliweka fomu hadharani na ikashinda. Tume inayoficha humpa mlalamishi silaha ambayo pengine hakuwa nayo.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanywa Agosti 10, 2027. Huenda nao ukaishia mbele ya majaji saba. Lakini sehemu kubwa ya kesi hiyo, ikiwa itakuwepo, haitaandikwa na mawakili jijini Nairobi. Itaandikwa usiku wa kuhesabu kura, katika darasa la shule ya msingi, na ajenti aliyechoka anayeisoma fomu 34A kwa mwanga wa taa kabla ya kuitia sahihi.